Una siku moja Suzhou: uingie bustani ipi?

Mama mmoja wa Kariakoo niliyefuatana naye kufuata mzigo Yiwu, mji wa China wa bidhaa za jumla, alisimama mbele ya bwawa la bustani ya Zhuozheng huko Suzhou, akayatazama mawe, akayatazama maji, halafu akanigeukia: "Mwanangu, ndiyo hii tuliyolipia?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Foleni ya getini ilikuwa imetumaliza, jua la Julai linachoma, na vichwa vya watu vilikuwa vingi kuliko majani ya yungiyungi. Alasiri ile ile nikampeleka Wangshi, bustani ndogo isiyojaa hata uwanja wa mpira. Akakaa kwenye kibanda cha juu ya maji, akavua viatu, akanyamaza. Nilipomkumbusha habari ya treni akasema, "Wewe tangulia kaangalie mambo yako huko, mimi bado."

Watu tunaokwenda China kibiashara mara nyingi hubakiwa na siku moja Shanghai kabla ya ndege, na Suzhou iko nusu saa tu kwa treni ya kasi. Kila mtu anakwambia nenda kaone bustani. Hakuna anayekwambia ipi. Zilizomo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO peke yake ni tisa: nne ziliingia mwaka 1997, tano mwaka 2000. Hapa ninapambanisha mbili, Zhuozheng na Wangshi, kisha nagusa Shizilin kwa sababu iko jirani kabisa na Zhuozheng na lazima utashawishika.

Kwanza, unatazama nini?

Ukiingia ukitegemea maua utatoka umenuna. Bustani hizi hazikupandwa kwa ajili ya maua, wala hazikuwa za umma. Zilikuwa nyumba za watu, na wengi wao walikuwa watumishi wa serikali walioachishwa kazi, waliostaafu, au waliochoka na fitina za ikulu. Mtu wa namna hiyo alilelewa kwa mafundisho ya Confucius: soma, faulu mtihani, mtumikie mfalme, heshimu wakubwa. Ikulu ilipomgeuka alirudi nyumbani na kuanza kusikia upande wa Tao, unaosema maji hayashindani na mtu na bado hufika yanakokwenda.

Bustani ya Suzhou ni mahali ambapo pande hizo mbili zinakaa ndani ya ukuta mmoja. Mbele kuna kumbi zilizonyooka, kila kiti na cheo chake. Nyuma njia inapinda, maji yanajificha, hakuna mstari ulionyooka. Neno la Kichina la mandhari, shanshui, maana yake ni "milima na maji", na Confucius mwenyewe alifundisha kwamba mwenye hekima hupenda maji na mwenye utu hupenda milima. Basi jiwe lile ulilolipita ni mlima. Dimbwi ni ziwa, au bahari.

Na zaidi ya yote, bustani hizi zinasomwa. Juu ya kila mlango na kila kibanda kuna kibao chenye herufi mbili, tatu au nne, mara nyingi zimechukuliwa kwenye shairi ambalo mwenyeji na wageni wake walilijua kwa moyo. Ukikikosa kibao, umeona dimbwi. Kwa hiyo mimi sichagui bustani kwa ukubwa wala kwa picha za mitandaoni. Nachagua kwa kile kilichoandikwa mlangoni.

Zhuozheng: unyenyekevu wa ekari 13

Wang Xianchen alikuwa mkaguzi wa serikali enzi ya Ming. Mambo yake yaliharibika kazini, akarudi Suzhou, na mwaka 1509 akaanza kujenga kwenye kiwanja kilichokuwa cha hekalu. Jina alilitoa kwenye maandishi ya Pan Yue, mshairi wa karne ya 3, aliyeeleza jinsi alivyoacha kazi, akawa anamwagilia bustani na kuuza mboga, akasema huo ndio utawala wa mtu asiyejua ujanja. Zhuozheng ni hivyo: uongozi wa mtu asiye mjanja.

Kuna kichekesho hapa ambacho waongoza wageni wachache watakusimulia. Pan Yue huyo huyo anakumbukwa kwa kumpigia magoti bwana mkubwa mmoja wa enzi yake mpaka kusujudia vumbi la gari lake, na mwaka 300 aliuawa katika vurugu za kisiasa. Yaani maneno ya unyenyekevu yaliyoandikwa mlangoni yalitoka kwa mtu aliyeshindwa kuyaishi. Na bustani yenyewe leo ina hekta 5.2, karibu ekari 13. Mwuza mboga gani huyo? Simcheki Wang, lakini ukiingia na habari hii kichwani unaiona bustani vizuri zaidi: ni tamko la mtu aliyeumizwa na bado anataka aonekane.

Kumiliki kwenyewe hakukudumu. Husimuliwa kwamba mwanawe aliipoteza kwa kamari ya usiku mmoja. Ikapita mikono mingi, ikagawanywa vipande vitatu, na katika miaka ya 1860 ilikuwa sehemu ya kasri la Li Xiucheng, mmoja wa majemadari wa uasi wa Taiping. Kwa hiyo unachokiona leo kwa sehemu kubwa ni mpangilio wa enzi ya Qing. Wen Zhengming, mchoraji na rafiki wa Wang, aliichora mwaka 1533 katika picha 31, kila moja na shairi lake, na mahali alipopachora palikuwa pa kishamba zaidi: miti ya matunda, maji mengi, vibanda vichache.

Nikupe tahadhari moja. Utaingilia upande wa mashariki, ambao ulitengenezwa upya katikati ya karne ya 20 na una nyasi pana kama kiwanja cha shule. Watu wanamalizia chaji ya simu zao hapo kwa kupiga picha. Pita. Nenda moja kwa moja sehemu ya kati, kwenye Ukumbi wa Harufu ya Mbali. Mbele yake ni bwawa la yungiyungi, na jina linatoka kwa Zhou Dunyi, mwanafalsafa wa karne ya 11, aliyelisifu yungiyungi kwa sababu linaota kwenye tope bila kuchafuka, na harufu yake huwa safi zaidi kadiri inavyokwenda mbali. Mtumishi wa serikali aliyekaa kwenye ukumbi huo hakuwa anasema juu ya ua. Alikuwa anajisema mwenyewe.

Kisha geuka utazame magharibi, kule mwisho wa maji. Juu ya miti unaona mnara wa ghorofa tisa wa Hekalu la Kaskazini. Hauko ndani ya bustani, uko mitaa kadhaa mbali, ila bwawa na miti vimepangwa ili jicho liukute. Ji Cheng, fundi wa bustani aliyezaliwa Wujiang hapo hapo jirani, aliieleza mbinu hii katika kitabu chake cha mwaka 1631: kuazima mandhari. Hununui kiwanja cha jirani, unaazima tu mnara wake.

Sehemu ninayoipenda mimi, hata hivyo, ni ya magharibi, na watu wengi huifikia wakiwa wameshachoka. Kuna kibanda chenye umbo la pepeo, lile la mkononi la kujipepea: paa, dirisha, meza, vyote vimekatwa kama pepeo lililofunguliwa. Kinaitwa "Nikae na nani?" Swali hilo ni la mshairi Su Shi wa karne ya 11, na jibu lake kwenye shairi ni mwezi, upepo mwanana, na mimi. Nafasi ya nne haipo. Mbele kidogo kuna chumba kingine ambacho jina lake linahusu kubaki na kusikiliza, kutokana na mstari wa Li Shangyin, mshairi wa karne ya 9, juu ya kuacha majani makavu ya yungiyungi yabaki ili yasikike yakipigwa na mvua. Bwawa la bustani nyingine lingesafishwa yakikauka. Hapa ukavu wenyewe una kazi. Ukibahatika ufike Oktoba mwishoni, mvua nyepesi, watu wamekimbilia kwenye maduka ya zawadi, simama dirishani hapo. Sauti yake ni kavu, kama mchele unaomiminwa kwenye ungo, kisha inanyamaza, kisha inaanza tena upande wa pili wa maji.

Wangshi: mvuvi anamsubiri nani?

Wangshi maana yake ni bwana wa nyavu, yaani mvuvi. Kiwanja hiki kilianza karne ya 12, mtumishi wa serikali Shi Zhengzhi alipojenga nyumba na maktaba na kupaita maficho ya mvuvi. Baadaye paliharibika, na katika karne ya 18 mtumishi mwingine mstaafu, Song Zongyuan, alipafufua na kupapa jina la sasa. Eneo lote, nyumba na bustani, ni hekta 0.54 hivi. Zhuozheng ingezimeza kama tisa za namna hii.

Mvuvi katika maandiko ya Kichina ni mtu aliyeiacha dunia ya vyeo: mtumbwi wake, maji yake, hana bosi. Sawa. Lakini kabla hujafika kwenye maji utapita lango la matofali ya kuchongwa linaloelekea ukumbi mkubwa, na hapo ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko mahali pengine. Tofali la kijivu limechongwa kwa undani mpaka unahesabu ndevu. Upande mmoja yuko Guo Ziyi, jemadari wa enzi ya Tang, amezungukwa na watu waliokuja kumpongeza: cheo, umri mrefu, watoto wengi. Upande wa pili mfalme Wen anamwendea mzee anayevua ukingoni mwa mto Wei. Mzee huyo ni Jiang Ziya. Hadithi inasema alikuwa anavua kwa ndoano iliyonyooka, bila chambo, kwa sababu hakuwa anamtafuta samaki. Alikuwa anamsubiri mfalme. Mfalme akaja, na mvuvi akawa mshauri wake mkuu.

Sasa rudi kwenye jina la bustani. Bwana wa nyavu ameikimbia dunia, au ametega? Mwenye nyumba ameiweka picha hiyo pale pale mgeni anapoingia, na sidhani kama ilimponyoka. Hilo ndilo jambo ambalo vitabu vya watalii hulilainisha: wanasema "utulivu", "kujitenga", wanamaliza. Mtu wa Suzhou alistaafu na jicho moja limebaki barabarani, na alikuwa mkweli wa kutosha kulichonga kwenye tofali.

Baada ya kumbi, ambazo zimepangwa kwa mstari mmoja, za wageni mbele na za wanawake wa nyumba nyuma (aliyekulia nyumba ya mawe Lamu hahitaji kuelezwa mgeni anaishia wapi), unapita mlango mdogo na ghafla uko kwenye maji. Bwawa lina kama mita za mraba 330, lakini huwezi kuliona ni dogo mpaka uambiwe. Siri iko kwenye kingo: mawe ya manjano yameinamia maji, chini yake kuna giza, kwa hiyo jicho linaamini maji yanaendelea chini ya ardhi. Kona moja inachomoza mkono mwembamba wa maji, na juu yake daraja la jiwe lenye upinde, fupi kiasi kwamba unalivuka kwa hatua tatu. Mtu wa kimo changu akisimama pembeni yake, linaonekana kichekesho. Lakini ukiwa ng'ambo, daraja hilo linakuwa kipimo cha vitu vyote, na mawe yanageuka majabali.

Kibanda alichokaa yule mama kinahusu mwezi kufika na upepo kuja. Ndani kimetundikwa kioo kikubwa, na wenyeji wanasema usiku wa mwezi mpevu unaona miezi mitatu: wa juu, wa majini, wa kwenye kioo. Ni utani, lakini ni utani wenye falsafa ndani yake.

Upande wa magharibi kuna ua mdogo wa masomo uitwao Dianchun. Ua huo ndio ulioigwa ndani ya jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, ukafunguliwa mwaka 1981, ukijengwa na mafundi waliotoka Suzhou. Kwa ndugu zetu walioko Marekani wasio na safari ya China karibuni, nendeni mkakae hapo asubuhi ya siku ya kazi. Hakuna kelele za ndege wala harufu ya matope, lakini mpangilio unafanana. Na kuna kaburi la mtoto wa chui milia huko Wangshi: katika miaka ya 1930 wachoraji ndugu, Zhang Shanzi na Zhang Daqian, waliishi hapo, na Shanzi alimfuga huyo mnyama ili amchore.

Maji yale yale, akili mbili

Zhuozheng inakutawanya. Visiwa vyake bwawani vinakumbusha visiwa vya hadithi vya watu wasiokufa, ambavyo wafalme wa China waliwahi kutuma watu baharini kuvitafuta. Unatembea, mandhari inafunguka, inafunga, inafunguka tena. Inahitaji miguu na saa tatu. Ukipewa saa moja na kundi la watu wenye bendera, umepoteza hela yako.

Wangshi inakukusanya. Huna pa kwenda, kwa hiyo unakaa. Nusu saa ya kutulia hapo inakupa maana ambayo Zhuozheng itakupa ukirudi mara ya pili au ya tatu. Tiketi yake pia huwa kama nusu ya ile ya Zhuozheng, na foleni ni fupi, ingawa vichochoro vyake vinajaa haraka: kikundi kimoja cha watu arobaini kinatosha kuziba kila kitu. Kikiingia kaa tu kibandani, kitapita.

Kwa mtu anayekwenda mara ya kwanza na hajui Kichina, mimi nasema Wangshi, bila kusita. Zhuozheng ni kubwa mno kuanzia. Ni kama kumfundisha mtu ushairi kwa kumpa utenzi mrefu wakati angeweza kuanza na ubeti mmoja wa shairi.

Na Shizilin?

Hii ni ya mawe, na asili yake ni ya kitawa. Ilianza mwaka 1342, wanafunzi wa mtawa Weize walipomjengea mahali kwa kumkumbuka mwalimu wake, Zhongfeng Mingben, aliyeishi kwenye Mwamba wa Simba huko mlima Tianmu. Walikuwa wafuasi wa Ubudha wa Chan, ule ambao Wajapani wanauita Zen, na ngurumo ya simba ni mfano wa mahubiri ya Buddha. Mawe yametoka Ziwa Tai, chokaa iliyoliwa na maji mpaka ikatoboka. Wachina hulipima jiwe la namna hii kwa wembamba, mikunjo, matundu, na uwazi wa kupitisha mwanga. Yaani linathaminiwa kwa kile kisichokuwemo.

Ndani ya lundo hilo kuna njia zinazopanda na kushuka mapangoni. Unamsikia mwenzako hatua mbili kutoka ulipo, unamwona kidole, na humfikii. Mtawa angekwambia hilo ndilo somo. Watoto wanasema ni mchezo wa kujificha, nao hawajakosea: I. M. Pei, aliyebuni piramidi ya kioo ya Louvre, alicheza humo utotoni, kwa kuwa ukoo wake uliinunua mwaka 1917. Mwandishi mmoja wa Suzhou, zaidi ya miaka 200 iliyopita, aliyafananisha mawe hayo na rundo la masalia ya makaa. Mimi niko katikati. Ukienda na watoto, ingia hapa na usijisumbue na nyingine. Ukienda peke yako kutafuta utulivu wa kitawa, utakuta watu wazima wanapigana vikumbo pangoni kwa ajili ya picha.

Makumbusho ya Suzhou, aliyoyabuni Pei huyo huyo na kufunguliwa mwaka 2006, yako hapo hapo. Kuingia ni bure, ila weka nafasi mapema. Ukutani kwake utaona mawe yaliyokatwa vipande na kusimamishwa mbele ya ukuta mweupe, mithili ya mchoro wa milima. Ni jibu lake kwa lile lundo alilochezea.

Kama mfuko umebana, iko Canglang, ya bei rahisi na ya zamani kuliko zote hizi kwa jina. Su Shunqin aliinunua kwa sarafu 40,000 katika karne ya 11, baada ya kufukuzwa kazi kwa kosa la kuuza karatasi chakavu za ofisi ili kugharamia karamu. Jina limetoka kwenye wimbo wa kale wa mvuvi: maji yakiwa safi nitaoshea kamba za kofia yangu ya cheo, yakiwa machafu nitaoshea miguu. Mvuvi tena, unaona. Ukuta haujaizuia na mfereji wa nje, kwa hiyo unaanza kuifaidi kabla hujalipa.

Ratiba ninayowapa watu sasa ni hii. Shuka Suzhou mapema, uwe Zhuozheng geti linapofunguliwa, na pasipoti mkononi kwa sababu tiketi hukatwa kwa jina. Pita nyasi, fika kwenye kibanda cha pepeo kabla ya saa tatu na nusu, halafu ondoka kundi linapoingia. Kama huwezi kuamka hivyo, au ni wiki ya kwanza ya Oktoba ambapo China nzima iko likizo, ifute Zhuozheng na usijilaumu. Kula tambi, lala kidogo, nenda Wangshi alasiri. Katika miezi ya joto hufungwa jioni na kufunguliwa tena usiku kwa muziki na kunqu, maigizo ya kale ya kuimba, wageni wakizungushwa ukumbi hadi ukumbi. Yule mama, safari iliyofuata, hakutaka hata kusikia jina la Zhuozheng. Alinipigia akiwa bado Yiwu kuniuliza tarehe ngapi mwezi utakuwa mpevu.